Nyumba ya Tatu Kutoka Kulia

Kisa hiki nimekiandika mara tatu kwenye daftari na mara tatu nimekichana, kwa sababu kila nikiandika najikuta najitetea. Sasa nakiandika kilivyo. Nilimharibia bibi mmoja mzee mahali pake pa kuzikwa, yeye na mamake. Sikukusudia, lakini aliyefanya ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza form four Mombasa na kumfuata mamangu Houston, ambako alikuwa akitunza wagonjwa, shifti mbili kwa siku. Yeye alitaka nisome kwanza. Mimi nilitaka kazi, nilitaka gari, nilitaka kila kitu kabla ya Jumatatu. Mamangu alikuwa hawezi kunimalizia ile methali ya haraka, maana akifika katikati mimi nishatoka nje. Basi nikafanya kozi ya wiki chache ya kuwatunza wazee, agensi ikanichukua, na mteja wa kwanza niliyepewa alikuwa bibi wa Kijapani, Stafford, dakika ishirini ku-drive kutoka kwetu kama hakuna jam.

Alikuwa karibu miaka themanini. Aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani baada ya vita, akaletwa Texas, mumewe akafa, akabaki na binti mmoja ambaye alikuwa akitoka kwenda ofisini asubuhi mapema. Mimi nilikaa naye saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kumpa dawa, kumuogesha, kumpikia wali wake ule wa kushikana, kumsikiliza. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kukatakata na changu cha shule, lakini tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na watu wengi.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama ametoka Tokyo.

"Na wewe," akasema, "umetoka Cairo?"

Hapo nikajua kazi ninayo.

Kwao ni mashambani, milimani, na alikuwa hasemi mji wala mkoa, anasema wilaya. Wilaya yetu hivi, wilaya yetu vile. Nilipomwambia sielewi, aliniita mezani jikoni akaijenga. Kitambaa cha kufutia vyombo alikikunja kirefu, huo ndio mto. Chupa ya sosi ya soya akaiweka pale kitambaa kinapoishia: huo ni mji, kuna stesheni ya treni, daktari, polisi mmoja, na mtu anayetengeneza pombe ya mchele. Halafu vikombe vinne kupanda na mto. Kikombe cha kwanza kijiji cha watu wa karatasi, wanachemsha magome ya miti wanatengeneza karatasi ya kuweka madirishani badala ya vioo. Cha pili wachoma mkaa. Cha tatu akakiinamisha kikalala ubavu, kwa sababu nusu ya kijiji kile ilifunikwa na maji walipojenga bwawa. Cha nne ni kwao, juu kabisa, barabara inapokufa. Mpunga kwenye ngazi za mlima, chai kidogo, na misonobari ambayo serikali iliwaambia wapande halafu ikasahau kuja kuikata.

Mji mmoja na vijiji vinne, basi, ndiyo wilaya nzima. Lakini zamani, akasema, kabla hajazaliwa, vijiji vilikuwa zaidi ya kumi. Serikali ikawa inaviunganisha, viwili vinafanywa kimoja, vitatu vinafanywa kimoja. Kila vikiunganishwa watu wanapigania jina. Wakishindwana, mkubwa mmoja anatunga jina jipya zuri zuri, jina ambalo hakuna mtu aliyezaliwa nalo, na hilo linawekwa kwenye bango.

Nilimuuliza DC wao anakaa wapi, pale kwenye chupa ya soya?

Akasema hakuna DC. Babake alipokuwa mtoto wilaya ilikuwa na mkuu wake na ofisi yake, halafu ofisi ikafungwa, mkuu akaenda kwao, na wilaya ikabaki jina tu. Unaliandika juu ya bahasha, kati ya mkoa na kijiji. Hakuna zaidi.

Nikacheka. Kwetu wakati ule wilaya zilikuwa zinazaliwa kila uchaguzi. Rais akitaka kura anasimama uwanjani anawapa watu wilaya, na wilaya inakuja na DC mwenye kofia, na landrova, na bendera. Nikamwambia wilaya isiyo na ofisi si wilaya. Nikamuuliza, maana alikuwa ameniambia kwamba sasa serikali inataka kuifuta hata hiyo, vijiji vyote vimezwe na jiji la bondeni: "Sasa ikifutwa itawauma nini?"

Alirudisha vikombe kabatini kwanza, kimoja kimoja, ndipo akanijibu.

"Jina lako wewe lina ofisi?"

Hadithi ya wilaya niliisikia labda mara hamsini. Kitambaa, chupa, vikombe. Nilikuwa namjibu kabla hajamaliza, "ndiyo Bibi, cha tatu kiko majini," ili tufike mwisho nikaanike nguo. Aliniita wa-haraka. Hakuwa akisema jina langu, alikuwa akisema, "Wa-haraka, njoo," na bintiye naye akaanza.

Lakini kuna sehemu moja nilikuwa simkatizi, nayo ni kitongoji chao. Ndani ya kile kijiji cha juu kulikuwa na kitongoji cha nyumba saba, zinashuka na mto, na zinahesabiwa kutoka juu. Yao ilikuwa ya tatu. Ofisi ya kijiji ikiwa na tangazo inaliweka kwenye ubao, ubao unapelekwa nyumba ya kwanza. Wanasoma, wanagonga muhuri wao mdogo mwekundu kuonyesha wamesoma, halafu mtu wa nyumba ile anaubeba mwenyewe kwa mkono mpaka ya pili. Ya pili inapeleka ya tatu. Hivyo mpaka ya saba. Ubao haulali nyumbani kwako. Na hauruki nyumba, hata kama mmegombana na watu wa nyumba hiyo, unakwenda, unagonga, unasema ubao umefika.

Hili nililielewa mara moja. Kwetu harusi ikikaribia kuna mwanamke anayetumwa kualika, anapita nyumba kwa nyumba na buibui lake, na akiruka nyumba moja, hata kwa kusahau, watu hao watakaa miaka bila kusalimiana nanyi. Mamangu na shangazi yangu hawajasemeshana tangu nikiwa darasa la nne kwa sababu ya mlango mmoja uliorukwa. Nilimsimulia Bibi, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu, siku hiyo hiyo, kwa sababu tulikuwa tumecheka pamoja, akanisimulia nyumba ya tano. Alinisimulia mara moja tu.

Alipokuwa msichana mdogo serikali ilikuja wilayani ikasema watu ni wengi na mashamba ni madogo, kila kijiji kitoe familia zihamie Manchuria, kule China, ambako watapewa ardhi mpaka macho yachoke. Kila kijiji kikapewa idadi yake. Kitongoji chao kikakaa, kikatazamana, na nyumba ya tano ikatoka. Baba, mama, bibi, watoto. Mtoto mmoja alikuwa msichana aliyekaa naye dawati moja. Mashamba yao ya mpunga wakamwachia babake Bibi ayalime mpaka watakaporudi. Ubao ulipozunguka mara ya kwanza baada ya wao kuondoka, mama wa nyumba ya nne alikwenda hivyo hivyo kwenye mlango uliofungwa, akasimama, akasema ubao umefika, ndipo akaupeleka ya sita.

Vita vikaisha vibaya. Wale watu walikimbia kwa miguu, kwenye baridi, na karibu wote wakafa njiani. Alirudi mmoja tu, yule msichana. Alifika kitongojini jioni moja amekonda, akaja nyumba ya tatu kuuliza mashamba. Na wakati huo sheria mpya ilikuwa imetoka, anayelima ndiye mwenyewe. Babake Bibi akamwambia yule msichana kwamba mashamba yameshaandikwa kwa jina la nyumba ya tatu.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma ya mlango."

Msichana akaondoka, akaenda miji ya mbali. Nyumba ikaanguka. Makaburi ya kwao yakabaki pale juu, safu moja na ya wengine.

Nikamuuliza kama anataka chai.

Karatasi ilikuja mwisho wa mwezi wa kwanza. Mwaka ule wilaya ilikuwa inafutwa kweli, mwisho wa mwezi wa tatu, siku ambayo ofisi ya kijiji ingefungwa na jiji lichukue kila kitu, pamoja na makaburi. Na jiji likasema halitaki makaburi yasiyo na watu. Kila nyumba ionyeshe kama inalitaka kaburi lake. Nyumba itakayonyamaza, mawe yake yatang'olewa na kurundikwa pembeni, na mifupa yote kutiwa shimo moja.

Mkuu wa kitongoji, mzee aliyesoma na Bibi darasa moja, hakutaka kila mtu ajaze fomu ya jiji kivyake. Alichukua karatasi moja, akaandika nyumba zote saba, akaizungusha kama ubao, mara ya mwisho. Ni nyumba mbili tu zilizokuwa bado na watu mle kitongojini. Zile nyingine wenyewe wako mijini, basi karatasi ikapanda basi, ikapanda treni, ikagongwa mihuri, na mwisho kabisa ikapanda ndege ikaja Stafford, kwa sababu kaka yake Bibi alikuwa ameshakufa na nyumba ya tatu ilikuwa imebaki na yeye peke yake.

Nimeiona kwa macho yangu. Karatasi nzito, rangi ya maziwa, kutoka kijiji cha watu wa karatasi. Mistari saba imesimama wima kutoka juu kwenda chini. Chini ya mistari mitano kulikuwa na muhuri mwekundu. Miwili mitupu.

"Sisi," akasema Bibi, "na wale."

Mamake alizikwa pale. Kwao wanachoma maiti, mifupa inatiwa chini ya jiwe la nyumba, na wewe ukifa unaingia chini ya jiwe hilo hilo na waliokutangulia. Nilimsimulia mamangu, akasema astaghfirullah, kuchomwa, lakini akasema pia kwamba kulala na mamako ni jambo zuri. Bibi alikuwa amekaa Texas miaka hamsini na hakuwahi kuomba lolote, bintiye mwenyewe aliniambia, ila hilo. Akifa arudishwe juu kule, pembeni ya mamake.

Nikamwambia basi gonga, niipeleke posta leo.

Hakutaka. Alikuwa na kalenda yenye siku nzuri na siku mbaya, akaniambia siku nzuri ni Jumanne ya wiki ijayo. Ataoga, atavaa, atakaa vizuri, ndipo agonge. Muhuri aliutoa kwenye kopo la biskuti, akauweka mezani juu ya kitambaa safi, na kikopo cha wino mwekundu, na bahasha imeshaandikwa anwani na kubandikwa stempu. Vikakaa pale. Kila nikifuta meza navizunguka.

"Bibi, ni kugonga tu."

"Hii si risiti, wa-haraka."

Ijumaa nilifika nikakuta mlango umefungwa. Bintiye akanipigia simu kutoka hospitali, kifua kimembana asubuhi, wako emergency, niingie kwa ufunguo wangu nisafishe nisubiri.

Nikasafisha. Nikasubiri. Karatasi iko pale. Nikaanza kufikiri: akifa leo? Akifa leo karatasi itabaki mezani, mwezi wa tatu utafika, mamake atatupwa shimoni, na yeye hatakuwa na pa kwenda, kwa sababu ya Jumanne. Nilijiambia namsaidia. Hiyo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kuizunguka ile meza. Ulikuwa bado ni mwezi wa pili, siku zilikuwepo tele, na hakuna mtu aliyeniomba.

Nikachukua muhuri. Nyumba ya tatu. Nikaweka kidole kwenye mstari, moja, mbili, tatu. Wa tatu ulikuwa mtupu, nikaona ndiyo wenyewe. Nikagonga. Ulitoka mzuri, mwekundu, haukuchafuka. Nikaitia bahashani, nikapita posta nikielekea hospitali.

Alikaa hospitali siku sita. Aliporudi nilimwambia nimeshapeleka.

"Umegonga wapi?"

"Ya tatu, Bibi."

Akainamisha kichwa mpaka karibu na meza. Alinishukuru. Halafu akachukua chungwa, akanimenyea mwenyewe, akaondoa na zile nyuzi nyeupe zote, akaniwekea kwenye sahani. Hilo chungwa nililila.

Mwezi wa tatu ukaisha. Siku ile wilaya ilipofutwa aliweka kitambaa na chupa na vikombe mezani, akaviacha mpaka jioni.

Barua ilikuja katikati ya mwezi wa nne, kurasa tatu, mwandiko wa yule mkuu wa kitongoji. Aliisoma amekaa jikoni. Akairudia. Mimi nilikuwa naosha mchele. Akaniambia niache mchele, nilete karatasi na kalamu, nichore mistari saba wima.

Nikachora.

"Onyesha ulipogonga."

Nikahesabu kama siku ile, kidole kikienda, nikaonyesha. Alikuwa amewahi kuniona Ramadhani nikisoma msahafu wangu wakati wa mapumziko, pale pale mezani.

"Kile kitabu chako," akasema, "unakianzia upande gani?"

Nikafungua mdomo, halafu nikaona. Miaka saba ya chuo cha Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka nilikuwa nikiota hivyo. Na Bibi mwenyewe nilishamwona akisoma barua zake kutoka kulia, kila wiki, mbele yangu. Lakini mwaka na nusu wa fomu za Marekani ulinitosha. Niliona mistari nikaanzia kushoto. Wa tatu kutoka kushoto, kwenye mistari saba, ni wa tano kutoka kulia. Na wa tano pia ulikuwa mtupu.

Nilimwambia nitapiga simu. Sasa hivi. Nitawaambia ni mimi, mjinga mmoja, wafute. Nilikuwa nishashika simu.

"Kaa," akasema.

Akanieleza barua. Mzee wa kitongoji alipoona muhuri wa nyumba ya tatu umegongwa chini ya nyumba ya tano, na mahali pa nyumba ya tatu pameachwa patupu, hakufikiri ni makosa. Nani angekosea? Alifikiri ameelewa. Alifikiri Bibi, kutoka Texas, baada ya miaka yote ile, amewarudishia. Tuliwachukulia mashamba, basi chukueni kaburi letu. Aliibeba karatasi kwa miguu mpaka nyumba ile nyingine yenye watu, wakalia. Walipanda juu wakaosha mawe ya nyumba ya tano, wakachoma udi. Aliandika kwamba alisubiri maisha yake yote mtu wa nyumba ya tatu afanye jambo hili, na kwamba anaona aibu kuwa hakuamini litafanyika. Na yule msichana wa dawati moja alikuwa bado hai, kwenye nyumba ya wazee, Osaka. Mzee alikwenda na treni kumwambia.

"Amelia sana," Bibi akasema. "Ameomba majivu yake yapelekwe kule. Amekubaliwa."

"Bibi, lakini wewe. Mamako."

"Mawe yetu wameshang'oa."

Nikarudia kwamba wakiambiwa ukweli labda wataelewa, labda jiji litatoa nafasi. Nilisema mengi. Akangoja nimalize.

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba sikumrudishia kitu? Kwamba ni msichana wangu wa kazi, amehesabu vibaya?" Akakunja barua. "Sasa nimekuwa mtu mwema. Kwa nguvu."

Hakucheka. Mimi nilianza kulia, akaniambia mchele unalowa.

Jioni nilimwambia mamangu kila kitu. Alikuwa amerudi kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akauliza, "Bintiye ushamwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Kesho utamwambia." Kesho yake sikumwambia, wala kesho iliyofuata, na mamangu aliuliza mara mbili akaacha.

Nilikaa pale wiki tatu zaidi. Hakunitukana hata siku moja. Alikula alichopikiwa, alimeza dawa. Vikombe havikuwekwa tena mezani. Nilijaribu mimi, siku moja, nikakunja kitambaa, nikaweka chupa ya soya pale pale, nikauliza cha pili kilikuwa cha watu wa mkaa, au sivyo? Najua kilikuwa cha watu wa mkaa. Akanyanyua kitambaa akafutia mikono.

Halafu agensi ikanipigia kwamba mteja ameomba mtu mwingine. Nilikwenda kuchukua viatu vyangu vya kazi. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani, na bila kuulizwa akaniambia, taratibu, kama anayenieleza dawa, "Si hasira. Nikikuona, nahesabu."

Houston sikuipenda tena. Mjomba wangu alikuwa Garland, upande wa Dallas, na ghala alilokuwa akifanya kazi lilitaka watu. Nikaenda. Kazi ni kubandika lebo kwenye maboksi na kuyapanga. Hakuna anayekumenyea chungwa, na ukikosea boksi linarudi, linabandikwa upya. Kuna maktaba karibu na tulipokaa. Mara moja niliomba atlasi mpya, nikaitafuta ile wilaya. Nilipata mto. Lile jiji nalo lilikuwepo, limenenepa mpaka milimani. Nikamuuliza mama wa maktaba kama wana atlasi ya zamani, akaniletea, na pale, kwa herufi ndogo sana zilizotawanyika juu ya kijani, nikaliona jina. Nilikuwa sijawahi kulijua linavyoandikwa. Nikakaa nalo mpaka wakafunga.

Mwaka wa pili mamangu alisikia kutoka kwa mtu wa agensi kwamba Bibi amefariki. Nilimpigia bintiye saa ya break, nimesimama nje ya ghala, kumpa pole. Alifurahi, nilisikia kwenye sauti. Akaniuliza hali, kazi, mamangu. Akasema majivu ya mamake yako kwenye kabati la taulo, kwa sasa, mpaka ajue afanye nini.

"Nilidhani atataka kurudishwa kwao," akasema. "Maisha yangu yote ananiambia kaburi la mamake, kaburi la mamake. Mwishoni nikamuuliza, akasema popote. Popote tu. Wewe ulikaa naye mchana kutwa. Hakukwambia kwa nini alibadilisha mawazo?"

Malori yalikuwa yanarudi nyuma yakipiga ile milio yao. Ningeweza kusingizia sikusikia.

Nikasema, "Hapana. Hakuniambia."

Akasema asante kwa kupiga, mamake alinipenda, alikuwa akimsimulia juu ya msichana wake wa-haraka. Nikamwambia Mungu amlaze pema. Halafu nikarudi ndani, break ilikuwa bado dakika nne, nikaanza kubandika kabla ya wenzangu.